Faili la Mipaka la Mama Sulle

Kwa masikitiko makubwa, na baada ya kushauriana na pande zote zinazohusika, watumishi wa karakana ya elektroniki tunatangaza kwamba kuanzia Ijumaa, tarehe 30 Juni 2023, saa tisa na nusu alasiri, birika la bluu la karakana halitakuwa na msimamizi. Maombi ya nafasi hiyo yaletwe kwa maandishi. Mwombaji awe anaamka mapema, anajua nani kakatazwa sukari, na ana ubavu wa kumfukuza mwandishi wa wasifu huu anapojimiminia kikombe cha tatu.

Msimamizi anayeondoka ni Mama Fransiska Sulle, Fundi Sanifu Mkuu. Aliajiriwa hapa chuoni Mbulu Jumatatu, tarehe 2 Julai 1990, na anastaafu akiwa ametumikia miaka thelathini na mitatu kasoro siku moja. Hiyo siku moja amesisitiza itajwe. Hapendi hesabu ya kukaribia.

Ofisi imenipa kurasa hizi za ratiba ya sherehe pamoja na maelekezo matatu: niandike kwa uchangamfu, nitaje mafanikio ya chuo, na mambo ya mwaka 2018 tuyaache, maana ni siku ya furaha. Mawili ya kwanza nitayatii kadiri ya kipaji changu, ambacho wanafunzi wangu wanakifahamu vizuri. La tatu limenikaa kooni kama mwiba. Mambo ya mwaka 2018 yenyewe hayajatuacha. Yamo ndani ya jalada la Mama Sulle, kwenye barua ya onyo yenye muhuri, inayosema kwamba kwa uzembe wake aliharibu mashine ya wakulima mbele ya mgeni rasmi. Yeye anastaafu leo, barua haistaafu. Na tayari karakana ya vijana inayofunguliwa kule Endagikot imemwomba akafundishe, na kama ilivyo taratibu imeandika kuomba nakala ya jalada lake. Kwa hiyo tutapiga makofi, tutampa blanketi na saa ya ukutani, halafu tutawatumia watu wa Endagikot ile barua. Hiyo ndiyo siku ya furaha tuliyoandaliwa.

Turudi mwanzo. Alipoingia hapa mwaka 1990 alikuta meza mbili, kisanduku cha bisibisi, na kazi ya kutengeneza redio za chuo, ambazo zilikuwa nne. Mara soko likafunguliwa. Biashara ikawa huru, na kila mtu aliyeuza debe la maharage akarudi na redio kaseti isiyo na jina, iliyotengenezwa nchi isiyojulikana, yenye maandishi ambayo hata aliyeyaandika hakuyaelewa. Jumamosi watu walipanga foleni mpaka getini. Mzee mmoja wa Bashay alileta redio inayokoroma. Mama Sulle alipoifungua alikuta punje sita za kitunguu saumu, kavu, zimepangwa vizuri juu ya spika. Mzee alikuwa ameziweka kufukuza mende. Alirudishiwa redio yake inayoimba, na bahasha iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu: Vipuri vilivyozidi.

Mwaka 2002, Mkoa wa Arusha ulipogawanywa nasi tukahamia Mkoa wa Manyara bila sisi wenyewe kusogea hata hatua moja, majalada yetu yalitoka Arusha kwenda Babati. La kwake lilishuka njiani. Kwa miezi saba hakuwa mtumishi wa mkoa wowote, na kwa miezi saba hakukosa kazini hata siku moja. Ofisi ilipomwandikia kumuuliza kama kweli yupo, alijibu kwa mstari mmoja: Nipo, na soketi ya ofisi yenu nimeitengeneza jana. Jalada hilo lililopotea kirahisi hivyo, ajabu yake, tangu ilipoingia ile barua ya onyo halijapotea tena.

Mimi nilikuja mwaka 1999, kijana mwembamba mwenye nywele na cheti cha chuo cha mjini. Vyote vitatu vimeondoka, isipokuwa cheti. Mama Sulle alinifundisha kushika chuma cha kulehemu upande usiounguza, na hakuwahi kumwambia mtu kwamba ilibidi anifundishe mara mbili.

Kisha mwaka 2013 zikaja bodi nane zenye chipu za kupangwa upya, msaada wa chuo rafiki. Kwa wasomaji wa uhasibu na wa jikoni nazieleza kama nilivyoelezwa mimi, ambaye nilichelewa kuelewa. Chipu ya kawaida inatoka kiwandani ikijua kazi yake, kama saa ya ukutani. Hizi hazijui kitu. Ndani yake kuna vijumba vidogo maelfu kwa maelfu, vitupu, na nyaya nyembamba za kuviunganisha. Wewe unaandika kwenye kompyuta unachotaka, kwa mafungu tunayoyaita moduli: hii isome mwanga, hii ilinganishe, hii itoe amri. Kisha programu ya kompyuta inazitafutia moduli hizo mahali pa kukaa ndani ya chipu, inavyoona yenyewe. Ukibadilisha kitu kidogo ukairudia kazi, inazihamisha zote upya bila kuuliza mtu.

Mama Sulle alikuwa wa kwanza kulikasirikia jambo hilo. Saketi ya mwanafunzi ilifanya kazi Jumatatu, Jumanne ikagoma, na katikati hakuna kilichobadilika ila rangi ya taa moja. Sisi wengine, mimi nikiwa kiongozi wa msafara, tulilaumu umeme wa Mbulu. Yeye alifungua picha ya chipu kwenye kompyuta, akaikuza, akaanza kufuata nyaya kwa ncha ya penseli. Moduli ya kusoma mwanga ilikuwa imewekwa pembe ya kaskazini, na waya wa kuleta mwanga unaingilia kusini. Ujumbe ulitembea chipu nzima kufika. Unapotembea mbali unachelewa, na chipu haimsubiri mtu: saa yake ya ndani ikigonga, inachukua kilichopo, hata kama ni jibu la zamani.

"Haya mambo nayajua," alisema. "Mwaka wa sabini na nne, Operesheni Vijiji, walikuja na kamba wakatupimia mstari. Nyumba zilinyooka mpaka raha. Mtoni mwendo wa saa nzima, shambani saa nzima na nusu, na ng'ombe wa baba hawakujua tena kwao ni wapi. Hii programu nayo imekuja na kamba."

Nikamwambia programu ina hesabu nzito, imetengenezwa na watu waliosoma sana.

"Hata wale wa kamba walisoma. Ila hawakuuliza mlango uko wapi, Hermani."

Basi akanunua daftari la grafu dukani Mbulu mjini. Akachora chipu nzima, mraba kwa mraba. Moduli inayosoma ikae hapa, mlangoni. Inayolinganisha iwe ubavuni mwake, isitoke nje ya miraba hii. Inayotoa amri ikae upande wa pili, jirani na waya wa kutokea. Zilizobaki, ambazo hazina haraka, programu izipange inavyotaka, hakuwa mchoyo. Kisha akaandika yote kwenye faili dogo ambalo programu inalisoma kabla ya kupanga. Vitabu vina jina refu la faili hilo. Sisi tuliliita faili la mipaka. Tangu siku hiyo, saketi iliyofanya kazi Jumatatu ilifanya kazi mpaka Ijumaa, na umeme wa Mbulu ukasafishwa jina lake.

Kazi yake kubwa ilikuwa mashine ya Katesh. Kikundi cha akina mama cha huko, kinachoongozwa na Mwantumu, mfanyabiashara wa nafaka na mtoto wa wafanyabiashara wa nafaka, kilikuwa kinachambua maharage kwa ungo na vidole, gunia kwa gunia. Mama Sulle aliwatengenezea mashine ya kuchambua kwa rangi. Maharage yanateremka kwenye mfereji moja moja, yanapita mbele ya jicho la umeme, chipu inaamua, na lililooza au jiwe linapigwa pumzi ya upepo linaruka pembeni. Alihangaika nayo miaka miwili. Mwantumu alipoiona ikifanya kazi hapa karakanani alikaa chini kwenye kreti la soda akacheka. "Mama Sulle, macho yangu ulikuwa umeyaweka wapi miaka yote hii?" alisema, na akaenda kuwatangazia wenzake.

Siku ya kukabidhi ilikuwa Alhamisi, tarehe 18 Oktoba 2018, kwenye ghala la kikundi, Katesh. Asubuhi mashine ilichambua vizuri. Mgeni rasmi alichelewa, kama cheo chake kinavyomruhusu, akafika saa saba mchana. Ghala lina paa la bati na jua la Oktoba lilikuwa limekaa juu yake tangu saa tatu. Mashine ikawashwa. Ikaanza kurusha maharage mazima kushoto na kulia, huku mawe yakiteremka kwa heshima zote ndani ya gunia.

"Jamani, inatupa mboga inatuwekea kokoto!" alisema Mwantumu kwa sauti. Watu wakacheka. Mgeni rasmi akacheka. Mama Sulle alizima mashine, akasimama mbele yake na mikono imeshikana, kama mtu anayezuia wageni wasione kitanda cha mgonjwa.

Yaliyofuata ndiyo yanayonipandisha damu mpaka leo. Ofisi ilileta mtaalamu mshauri kutoka mjini. Hakufungua mashine, alifungua soda. Alisoma makabrasha dakika arobaini, akaliona daftari la grafu, akaguna. Taarifa yake ilikuwa na kurasa mbili: kwamba kuibana programu isipange yenyewe ni mazoea ya kizamani, na kwamba hiyo mipaka ya kuchorwa kwa penseli ndiyo chanzo cha hitilafu. Mama Sulle aliomba kompyuta ifunguliwe mbele ya kamati ya chuo ionekane kilichopangwa ndani ya chipu siku ile. Akajibiwa kwamba kamati si karakana. Aliomba apewe bodi aipime. Bodi ikafungiwa kabatini. Aliandikiwa barua, akaondolewa kwenye mradi, akapelekwa stoo kuhesabu skrubu. Fundi aliyeweza kusoma chipu kama mtu anavyosoma uso wa jirani yake amehesabu skrubu kwa miaka minne na miezi minane! Na alizihesabu vizuri, kwa taarifa yenu. Hakuna stoo mkoani inayojua skrubu zake kama yetu.

Akina mama wa Katesh walirudi kwenye ungo. Mashine ilifunikwa turubai.

Msomaji aliyenivumilia mpaka hapa ameona nimemkaripia mtaalamu, kamati, ofisi, na hata jua la Oktoba. Wote wanastahili, jua likiwa na kosa dogo kuliko wengine. Lakini kuna mtu mmoja sijamkaripia, na bila yeye hawa wote wasingekuwa na la kufanya.

Ilivyokuwa ni hivi. Jumatatu ya wiki ile Mama Sulle alitangulia Katesh kufunga mfereji na pampu ya upepo. Bodi ilibaki kwangu, niilete Alhamisi. Jumatano ofisi ikaniuliza kama kile kioo kidogo cha mashine kinaweza kuandika KARIBU MGENI RASMI. Nilisema kinaweza, maana mimi sijawahi kuulizwa na ofisi jambo nikasema haliwezekani. Niliandika moduli ya maandishi. Programu ikaikataa: niliiandika vibaya, ikawa kubwa, haikuenea bila kuingia ndani ya mipaka ya Mama Sulle. Ningeweza kuipunguza. Ingenichukua saa mbili. Nililizima faili la mipaka. Programu ikafurahi, ikapanga kila kitu inavyotaka, na maandishi yakatokea yakimetameta.

Nilijaribu mashine Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi, hapa Mbulu, nimevaa sweta na koti juu yake, na mvuke unanitoka mdomoni. Ilifanya kazi. Sote tunajua, na tunawafundisha wanafunzi, kwamba chipu ikipata joto ujumbe wake unazidi kuchelewa. Nilikuwa nimelifundisha somo hilo wiki iliyotangulia. Nilipaki bodi ndani ya kanga, tukapita Dongobesh nikiwa nimeipakata kama mtoto mchanga.

Mashine ilipoharibika, Mama Sulle alinivuta nyuma ya ghala. "Umeongeza maandishi, nimeyaona. Faili la mipaka uliliacha?"

"Lipo kama ulivyoliacha."

Hayo ndiyo maneno niliyosema. Ijumaa asubuhi nikaliwasha tena, ili mtu akitazama alikute lipo. Mwezi uleule nilikuwa nasubiri barua ya kuwa mkuu wa karakana, nafasi ambayo kila mtu alijua ni ya kwake. Niliipata. Nimeikalia tangu wakati huo, na ninyi mmekuwa mkiniita Mheshimiwa Mkuu kwa utani, bila kujua utani wenyewe ulikuwa mkubwa kiasi gani.

Programu ile huandika kumbukumbu kila inapopanga: siku, saa, jina la mtumiaji, faili gani lilisomwa na lipi liliachwa. Nilijua ipo. Yeyote angeifungua angeniona. Kwa miaka hiyo yote hakuna aliyeifungua, na mimi mwenye ufunguo wa kompyuta nilikuwa mtu wa mwisho kutaka ifunguliwe.

Jumapili ya tarehe 11 mwezi huu niliichapa nikaenda nayo kwake Nambis. Nilimkuta uani anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, Mama Sulle."

"Marahaba. Makaratasi siku ya Bwana? Ofisi wameanza na Jumapili sasa?"

Nilimpa. Alifuta mikono, akavaa miwani, akateremsha kidole mstari kwa mstari mpaka kikasimama.

"Jumatano. Saa kumi na dakika kumi na mbili."

"Ndiyo, mama."

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Ukasema lipo."

"Nilisema lipo."

Aliingia ndani. Nilidhani amekwenda kuniitia mtu wa kunitoa. Alirudi na madaftari manne ya grafu, yamejaa mpaka majalada. Tangu mwaka 2018, jioni baada ya stoo, amekuwa akiichora upya ile chipu kutafuta alipokosea. "Nimepata makosa kumi na moja," alisema. "Hakuna hata moja la kuharibu mashine. Nikajiambia basi, akili imechoka, sioni tena." Aliendelea kupukuchua gunzi ambalo halikuwa na punje. Kisha akauliza kama nimeipima na mipaka yake kwenye joto. Nikasema bado, Juni ni baridi. "Basi hujanithibitishia kitu. Nenda Katesh ukapime."

Nilikwenda Jumatano iliyofuata, na ile bodi niliyoitoa kabatini. Joto halikuwepo, hivyo Mwantumu aliazima draya kwenye saluni ya jirani, tukaipuliza bodi hewa ya moto kama tunamkausha nywele bibi harusi. Tulianza na mpangilio wangu wa 2018: kokoto ndani, maharage nje, kama siku ile. Tukaweka wa Mama Sulle, maandishi nimeyaondoa. Gunia moja, la pili, la tatu, draya ikiunguruma mpaka ikaanza kunuka. Halikupotea hata harage moja.

Mwantumu alizima draya. "Kwa hiyo mwalimu," alisema, "sisi tumekaa tunachambua kwa vidole miaka yote hii, ili wewe usione aibu siku moja?"



Niliporudi kumpa Mama Sulle matokeo, nilimwomba msamaha. Alisema hilo atanijibu baada ya mavuno. Kwanza niandike, na nisijipambe kwa kujilaumu. Tarehe 16 nilipeleka maelezo yangu ofisini pamoja na kumbukumbu ya programu. Tarehe 20 nilijibiwa kwamba suala limepokelewa na litajadiliwa na kamati katika kikao cha Agosti. Agosti! Mama Sulle anaondoka leo, na nakala ya jalada inakwenda Endagikot Jumatatu.

Kamati itakaa Agosti. Sisi tumekaa leo, wote, na wageni wa Endagikot wapo safu ya pili. Kwa hiyo naandika hapa, kwa jina langu, na nimeomba isomwe kwa sauti kabla ya zawadi: aliyezima faili la mipaka ni mimi, Hermani Margwe. Mama Fransiska Sulle hakukosea. Nakala ya kumbukumbu ipo mezani, karibu na kitabu cha wageni, kwa yeyote anayetaka kuisoma mwenyewe.

Mama Sulle, asante kwa miaka thelathini na mitatu kasoro siku moja. Tunakuombea afya, mavuno mazuri, na wanafunzi watakaokuuliza kabla ya kugusa. Jibu lako nitalisubiri, lolote litakalokuwa.